Mkono wa Kushoto wa Walzi

Wifi yangu hajui kuhesabu mpaka tatu. Simsingizii. Anakaa mapokezi kwenye hospitali moja ya binafsi, anapanga miadi ya madaktari bila kukosea, lakini mweke mbele ya piano umwambie ahesabu moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa ukurasa, atapotea kabla hujameza mate. Mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo, na nililijua kwa sababu muda wote nilikuwa namhesabia.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri katika chumba kilicho juu ya kiwanda cha uchapaji. Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mwenyekiti, ndiye mwenye piano. Hakuna bingwa kati yetu. Kuna kinyozi, kuna daktari wa meno, kuna mhasibu mstaafu tuliyempa jina la Taratibu kwa sababu kila wimbo kwake ni wa mazishi, kuna wifi, na kuna mimi, ambaye huingia na unga kwenye nyusi kwa kuwa natoka moja kwa moja kwenye tanuri la mikate. Tunajifunza walzi fupi za klasiki, muziki wa dansi wa Kizungu unaokwenda kwa mapigo matatu matatu, zile za kurasa mbili tatu ambazo mtu wa kawaida anaziweza akijitesa kidogo.

Kwa kuwa piano ni moja na sisi ni wengi, tuna utaratibu wetu. Walzi moja hupewa watu wawili. Mmoja anachukua mkono wa kulia, ndio wenye wimbo wenyewe, ule ambao mtu ataondoka akiuimba njiani. Mwingine anachukua mkono wa kushoto: pigo moja zito chini, mawili mepesi juu yake, basi, hivyo hivyo hadi mwisho. Mnakaa benchi moja mnapiga pamoja mpaka walzi inyooke, kisha mnabadilishana viti. Ukishapita pande zote mbili ndipo unaruhusiwa kuipiga peke yako.

Wifi hakuwahi kuhamia kushoto. Mara bega linamuuma, mara upande ule unapigwa na baridi ya dirisha, mara tuinyooshe kwanza hii. Nikawa nameza, kwa kuwa ni dada wa mume wangu na nyumba haijengwi kwa ugomvi wa piano. Siku moja aliushika mkono wangu mbele ya wote, akaugeuzageuza kama anayechagua viazi sokoni, akasema kwamba mikono ya kukandia unga imeumbwa kwa upande wa kushoto. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, meno nimeyauma.

Ningeendelea kumeza kama si baba yangu. Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao maisha yake yote, amesimama kando ya misumeno inayolia kutwa, na sasa masikio yanamuaga. Daktari wa masikio alituambia kwamba hata kilichobaki kitaondoka, na hakuna cha kukizuia. Ana kifaa cha kusikilizia, lakini anasema kinampigia miluzi, basi hukaa nacho mfukoni. Hajawahi kunisikia nikipiga piano. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: siku ya wageni, ile tunapowapigia jamaa zetu, aketi mstari wa mbele, anisikie nikipiga wimbo kabla masikio hayajafunga. Wimbo wenyewe, si yale mapigo ya chini.

Nilimwambia wifi haya yote jikoni kwake, mume wangu akiwepo. Nikamwomba tubadilishane viti kwenye walzi yetu mpya. Akanikumbatia, akasema baba yangu ni baba yake, na safari hii wimbo ni wangu. Nikatoka pale nikijiona mbaya kwa jinsi nilivyokuwa nimemchukia. Tangu siku hiyo nikawa najifunza mkono wa kulia kwenye ukingo wa meza ya unga, vidole vinakimbia juu ya mbao huku mikate ikiumuka. Jumamosi tuliendelea kukaa viti vile vile, yeye akisema tutabadilishana walzi ikinyooka. Wenzangu wa tanurini walisema nimepata jini la Kizungu.

Wiki ya siku ya wageni ilipofika, kinyozi akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ya mikono. Wifi alikuwa amemweleza Mwenyekiti kwamba mikono yangu imechoka na kazi, kwamba mimi mwenyewe nimeomba nibaki kushoto, na kwamba watu wasiniulizeulize maana naona aibu. Ratiba zilikuwa zimekwisha kuchapwa pale chini. Nilishuka nikaiona mwenyewe, wino haujakauka vizuri, yeye juu na mimi chini yake kwa herufi ndogo.

Nilimweleza mume wangu, akasema nisilikuze jambo, dada yake ndivyo alivyo tangu utotoni. Nilimtazama mpaka akakumbuka kazi ya kufanya uani. Ningeweza kwenda kwa Mwenyekiti nikasema kweli, lakini hapo wifi angelia, na wifi akilia kila mtu huanza kutafuta leso. Tena sikutaka haki. Nilitaka aumie, na aumie mbele za watu, kwa kitu kile kile alichoninyang'anya.

Na silaha nilikuwa nayo. Katikati ya walzi ile kuna mahali wimbo unapanda mpaka juu kabisa, unafika kwenye noti moja ndefu, unasimama. Mkono wa kulia hauna kazi pale ila kungoja. Wa kushoto peke yake ndio unaoendelea kutembea, na ndio unaomwambia aliye juu kwamba sasa ashuke. Mtu aliyepita viti vyote viwili anajua ashuke lini hata ukimfunga kitambaa machoni. Wifi hakuwa amepita. Kwenye mazoezi ya mwisho nilimjaribu: pale juu nikachelewesha pigo moja, kidogo tu. Akajikwaa, akalaumu kucha zake. Nikamwomba radhi kwa sauti ya upole, na moyoni nikaendelea kunoa.

Siku ya wageni chumba kilijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Nilimketisha baba mstari wa mbele, shati limepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu, kifaa chake kiko mfukoni kama kawaida. Nilimwinamia sikioni nikamwambia kwa sauti nzito, maana nyembamba siku hizi haimfikii, kwamba mimi na wifi ndio tunaofuata. Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha.

Wifi akasimama kusema maneno machache. Akaitaja walzi, akawashukuru wageni, kisha akaniwekea mkono begani.

"Na huyu wifi yangu," akasema, "ananisaidia kidogo upande wa kushoto."

Ananisaidia kidogo. Kama kulikuwa na tone la huruma limebaki ndani yangu, lilikauka pale pale.

Tukaanza. Nilimpigia vizuri kuliko siku yoyote. Nilitaka apande kwa raha, ajione amefika, ili anguko liwe refu. Mapigo yangu yalikuwa imara, wimbo wake ukakaa juu yake umestarehe, na nikaona jinsi alivyoanza kuyumbisha mabega kama wale wa kwenye televisheni. Kwa pembe ya jicho nikamwona baba. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti pamoja nami, pigo kwa pigo. Nikadhani ni adabu tu, mzee anataka nione yuko nami.

Wimbo ukapanda. Ukafika juu. Wifi akaibonyeza ile noti ndefu, akafumba macho.

Nikaunyanyua mkono wangu, nikauweka mapajani.

Noti yake ikalia peke yake, ikaanza kufifia. Akafumbua macho. Akanitazama, nami nikatazama kalenda ukutani kwa makini sana. Akashuka mapema, akashtuka, akarudi juu, akashuka tena mahali pasipo, akarukia mwanzo wa ukurasa, akapotea na huko. Shingo yake ililowa. Daktari wa meno akaanza kukagua viatu vyake. Taratibu, mzee wa watu, akamwonea huruma akaanza kumhesabia kwa sauti kutoka nyuma, moja, mbili, tatu, kwa mwendo wake ule wa mazishi, na hapo ndipo watoto wa wageni walipocheka. Wifi akaacha. Akasimama, akainama, akapigiwa yale makofi ya kumsaidia mtu aondoke.

"Umefanya nini?" akaninong'oneza.

"Mkono umechoka," nikamwambia. "Si ndivyo ulivyomwambia Mwenyekiti?"

Nikaona likimwingia. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Niliisikia raha mpaka kwenye visigino. Wengine walipoendelea kupiga nilikaa nimetulia kama mtu aliyeshiba, na kila nikimwona wifi amejificha nyuma ya kinyozi, shibe ilikuwa inaongezeka.

Baadaye wageni wakateremka kunywa chai kati ya mashine za uchapaji. Baba hakuinuka. Nilimkuta amekaa vile vile, kiganja kiko gotini, anaitazama piano.

"Mbona uliacha?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba wifi alichanganyikiwa.

"Huyo mwingine sikumsikia," akasema. "Nilikuwa naona vidole tu vinahangaika. Wewe ndiye niliyekuwa nakusikia, mwanangu. Wewe peke yako. Moja, mbili, tatu, unakuja vizuri kabisa. Halafu ukaniacha."

Nikakaa kwenye kiti cha jirani. Misumeno ilikuwa imemla sauti zote za juu na kumwachia zile nzito za chini. Kumbe kile nilichokuwa nakililia, kile nilichokitesea vidole kwenye meza ya unga, kingekuwa kwake vidole vinavyocheza bila sauti. Nilikuwa nimepewa mkono pekee anaoweza kuusikia, na nilipokuwa naye hapo, ananifuata kwa kidole, nikauondoa kwa mkono wangu mwenyewe. Usidhani nilimwonea wifi huruma. Nilimchukia upya, na zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa amenigharimu na hiki.

Nilimshika baba mkono, nikamsogeza mpaka goti lake likagusa mbao za piano. Nikaketi upande wangu wa kushoto. Nikaanza mwanzo kabisa, mkono mmoja, pigo zito na mepesi mawili, bila wimbo juu yake. Baba akaweka kiganja kwenye ubavu wa piano. Kidole kikaanza.

Nilikuwa nimefika katikati wifi alipoingia kuchukua mkoba wake. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama mlangoni, kisha akasogea, akasogea tena, na nikaona midomo yake inajaribu kuhesabu. Upande wa kulia wa benchi ulikuwa wazi. Akafika nyuma yangu, mkono wake ukanyanyuka kidogo kama unaoomba, na nilijua ningesogea kidogo tu angekaa, na wimbo ungerudi mahali pake, na pengine sote tungelia tukamaliza.

Nikajisogeza katikati ya benchi.

Pale juu, mahali pa noti ndefu, niliendelea kutembea. Nilimpitisha baba hapo polepole, nikamshusha, nikampeleka mpaka pigo la mwisho na kuliacha lilie hadi likaisha lenyewe. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akapiga makofi peke yake.

"Sasa nimeisikia yote," akasema, kwa sauti ile kubwa ya watu ambao hawaisikii sauti yao wenyewe. "Nzuri sana. Haijapungua kitu hata kimoja."

Wifi alikuwa bado amesimama nyuma yangu, na alilisikia kila neno.