Mwenye Ngamia Aje Aombe

Syokau alimfunga yule ngamia kwenye mlingoti wa bendera nje ya ofisi ya chifu, akakaa kando yake na panga magotini. Ekari mbili za ndengu zake zilikuwa tumboni mwa mnyama huyo, na kijijini kwao mnyama aliyekula shamba haachiliwi mpaka mwenyewe aje amwombe.

"Ni wako?" Syokau alimfokea Hamud, mchungaji aliyetoka upande wa Garissa.

"Mimi nimeandikwa kuchunga tu, mama. Mwenyewe ni tajiri."

"Tajiri gani?"

Hamud akainama kufunga kiatu. Syokau akatema mate karibu na viatu vyake. Waongo hawa, wote.

Juu ya gari lake hapo hapo uwanjani, mheshimiwa mbunge alikuwa akihutubia baraza. Uchaguzi ulikuwa umekaribia na sauti ilikuwa imemkauka kwa hasira. "Serikali imewadekeza hawa watu. Mimi nasema watoke Mwingi ndani ya siku saba, na mifugo wao asibaki hata mmoja."

Watu wakapiga makofi, Syokau kuliko wote. Jirani yake Kitheka akaokota rungu, akamwendea ngamia na kuliinua juu ya tumbo lake.

"Wacha, wewe," mheshimiwa akasema haraka kwenye kipaza sauti. "Usimpige hapo. Ana mimba ya miezi kumi."

Baraza zima likamgeukia. Syokau akamtazama Hamud, na Hamud akatazama chini. Ndipo Syokau akaifungua kamba, akamkokota ngamia mpaka kwenye gari, akamnyooshea mheshimiwa ile kamba bila kuiachilia.

"Omba," akamwambia.