Mchi wa Chuma

Nakutega, nawe utegue: hakina harufu, hakina joto, kikikaa chumbani hata paka hajui. Umeshindwa? Ni mionzi, ile inayojificha ndani ya vyuma fulani. Bibi Immaculée naye hakujua, na alikaa nayo miezi mitatu pale mtaani Sydenham.

Mwanawe Léonce, mwokota vyuma chakavu, ndiye aliyekileta: chuma kirefu, kinene kama mkono, chenye alama ya njano iliyofifia, ya mapanga matatu kama ya feni. Immaculée akadhani ni cha feni. Mchi wake ulibaki Uvira alikotoka, basi akakifanya mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kila Jumamosi.

Siku moja kikapasuka ncha. Léonce akaenda kukiuza, na getini kwa wanunuzi mashine ya kupima mionzi ikalia. Jioni hiyo hiyo akaja mtu wa manispaa, akafunga chumba kwa utepe, familia ikahamia kwa jirani. Yule mtu akauliza, Léonce akitafsiri, nani alikuwa akikaa karibu na chuma hicho.

Jina la mjukuu wake Anaïs lilimfika Immaculée mdomoni. Lakini Laetitia, binti yake, mama wa mtoto, alikuwa amesimama pale pale, ametoka kazini kwake saluni, South Beach. Immaculée akautazama utepe. Yule mtu akasema si neno, mionzi si ya mji, ni ya serikali kuu, Pretoria; yeye wake ni mlango tu.

Kesho yake akaja mama mmoja wa idara ya afya ya jimbo. Huyu alisema watu ni wake, chuma si chake, na hawezi kumpeleka mtu hospitali kabla Pretoria hawajaandika majina. Akauliza lile lile. Immaculée akasema amesahau. Mstari wa majina ukabaki mtupu. Hakuona hofu, hakuona nafuu. Alikula mkate, akakunja vitenge, akavikunjua, akavikunja tena.

Siku ya nne mtu wa Pretoria akafika. Akapitisha kimashine chake mikononi mwa Immaculée, kikatoa sauti ndogo kama mende ndani ya karatasi. Akaketi, akafungua fomu.

“Gogo, bibi yangu, wale wengine walikuwa na wa kumwachia. Mimi sina. Asiyeandikwa hapa hatapimwa. Nani alikuwa karibu na hiki chuma?”

Léonce akatafsiri, akiangalia chini.

“Maman, sema basi,” Laetitia akacheka kidogo. “Iko wewe na sombe yako tu. Muandike, papa, huyu hata kwa daktari ataenda na kinu. Mtoto alikuwa analala kitandani.”

Anaïs alikuwa sakafuni, anatafuna biskuti, mate yanamshuka kidevuni. Immaculée alimtazama mpaka biskuti ikaisha.

“Hakuwa kitandani,” akasema. “Alikuwa analia nikimlaza. Nilimfunga mgongoni, nikatwanga naye. Kila Jumamosi. Andika Anaïs.”