Kishona-nguo Kwenye Kikoi

Siku Idris alipokosekana, chai yake ya maziwa ilikaa ndani ya chupa mpaka ikachacha. Alikuwa amevuka mto Jumanne baada ya adhuhuri kwenda Garsen, na Tana ilikuwa imefura, imekula nusu ya shamba la migomba. Jumatano asubuhi Galgalo, mchungaji wa Kiorma, alikuja mlangoni akiwa na upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi.

"Mama, huu si wa mzee wako?"

Swaleha alizijua alama za kisu kichwani mwa ule mti. Mumewe ndiye aliyezichonga.

"Mtumbwi umepinduka kule malka, ng'ombe wanaposhuka kunywa," Galgalo alisema. "Mwenyewe sikumwona."

Walimpata siku ya tatu, mbali huko chini karibu na Ngao. Wakamzika siku hiyo hiyo.

Swaleha akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ni mirefu kwa mtu mwenye la kukumbuka. Alikumbuka mwaka alioolewa, Idris alivyomfundisha kuvuka. Ukitoka ng'ambo huukati mto moja kwa moja. Unapanda kwanza kando ya ukingo, unashindana na mkondo, mpaka ukabiliane na mkuyu mkubwa wa upande wa nyumbani. Hapo ndipo unapoachia, na maji yenyewe yanakuteremsha hadi kivukoni.

"Ukiona mkuyu unahama," Idris alimwambia, "si mkuyu, ni wewe. Geuza mapema. Maji hayabishi hodi yakija kukuchukua."

Lakini miaka miwili kabla ya kufa, Idris alianza kukaa Garsen na watafuna majani ya muguka. Mwanzoni alikawia saa moja. Baadaye shamba likamwona kwa nadra, halafu Ijumaa zikawa zinampita bila kukanyaga msikiti. Na kikoi chake kikaanza kurudi kimejaa kishona-nguo, zile mbegu za magugu zinazong'ang'ania nguo, kwa sababu hakuwa tena na subira ya kupanda mkondo. Alikata mto tu, akatua chini ya kivuko, kwenye magugu. Miezi ikapita, akawa anatua chini zaidi, kwenye mihindi ya jirani yao Dabaso. Mwishowe kikoi kilirudi na tope jeusi la malka, linalonuka samadi, kule ambako mamba huvizia ng'ombe.

Swaleha alifua. Mara moja tu alisema neno.

"Baba Hanan, siku hizi nyumba imehama?"

"Imehamia malka, kwa wenye ng'ombe," Idris alijibu. "Ngoja, tutakunywa maziwa mpaka uvimbe."

Akacheka, na Swaleha akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichomkaa kooni eda nzima.

Siku eda ilipokwisha alishuka mtoni. Mtumbwi sasa ulikuwa wa Tahir, mdogo wake Idris, aliyekuwa akivusha watu. Alimkuta anakuja kivukoni kwa miguu, upondo begani, akitokea chini. Suruali yake ilikuwa imeshonwa na magugu hadi magotini.

"Tahir, umetua wapi?"

"Hapo chini kidogo tu, shemeji. Leo maji yana nguvu."

"Nguvu gani? Mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Hebu fungua mdomo."

"Ala! Shemeji amekuwa daktari wa meno?"

Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaangua kicheko. Swaleha hakucheka. Meno ya Tahir yalikuwa na kijani cha muguka. Akainama, akachomoa kishona-nguo kimoja kimoja kwenye suruali ya shemeji yake. Akamjazia kiganjani.

"Nguo zenye hivi nilimfulia ndugu yako miaka miwili, nikanyamaza. Zako sifui."

"Shemeji, mimi si Idris."

"Naye hakuwa Idris, mwisho wake."

Akauchukua upondo begani kwake, akapanda nao nyumbani. Tahir alibaki amesimama, kiganja wazi.

Sasa upondo hulala kwa Swaleha, nyuma ya mlango. Kila asubuhi Tahir huja kuuomba, naye humtazama macho na meno kwanza. Jana hakupewa.