Mtoto Analilia Jina

"Kama ni weye, Ngoie, nyamaza. Nyonya."

Albertine alimwinamia mtoto sikioni, akalitamka jina mara ya pili, kisha akamsogeza kwenye ziwa la mama yake. Mtoto alilishika. Alivuta kidogo, akaliachia, akafumbua mdomo na kuanza kulia upya, kilio kilekile cha jana na cha juzi.

"Haiko Ngoie," Albertine alisema.

"Haiko," Victorine, mama wa mtoto, aliitika.

Kwao, watu wa kaskazini mwa Katanga, mtoto asiyenyamaza wala kunyonya, na mwili wake hauna homa, haumwi. Analilia jina. Kuna mtu wa ukoo aliyekwisha kufa anayetaka kurudi kupitia kwake, na hatatulia mpaka aitwe. Padri alikwisha kumbatiza Wivine, jina zuri, lakini la kanisani ni la kanisani. Muuguzi wa kambi ya reli naye alimgeuza mtoto huku na huku, akasema hana kitu, cha muhimu ni kulala vizuri. Victorine alitamani kumuuliza nani alale vizuri, yeye au mtoto.

Na mtoto alikuwa anapungua. Kila asubuhi Victorine alipomfunga mgongoni, ncha za kitambaa zilibaki ndefu zaidi kifuani pake. Mtoto wake wa kwanza alilia hivihivi. Wakati ule walicheka, wakasema ana mapafu ya filimbi ya garimoshi. Walimzika kabla ya kumpata mwenyewe wa jina. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mama Wivine, tuliita bote ya kwenu," Albertine alisema, akimrudishia mtoto. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya kambi. "Ya kwa bwana yako Clément tuliita mama yake, tuliita babu yake, nkambo mwanaume, tuliita bandugu yote. Sasa mama ya muzee? Ule mama aliyemuzaa babukwe yako?"

Victorine alimpokea mtoto. Tangu aolewe hakuwahi kulisikia jina la mwanamke huyo. Hakuwahi hata kusikia kwamba yupo, kana kwamba Mzee Kyungu, baba mkwe wake, aliota tu kando ya njia.

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya jiko, hatua chache kutoka pale. Alikuwa amezeeka akitandika reli, na sasa alisuka vichujio vya matete. Ndivyo Victorine alivyochujia munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi alichokiuza getini king'ora cha mchana kilipolia. Kichujio kikichakaa, asubuhi angekuta kipya kimewekwa mlangoni. Hakuomba, na mzee hakusema. Mkamwana hazungumzi na baba mkwe uso kwa uso, hampi kitu mkononi, wala haketi anapoketi yeye. Katika nyumba ya kambi yenye vyumba viwili na ua wa kugeukia tu, heshima hiyo ilikuwa kazi ya kutwa. Wakiwa na jambo la lazima, Victorine aliiambia sufuria, na jibu mzee alimwambia kuku.

Wa kumtuma angekuwa Clément, mumewe. Lakini Clément alitia makaa kwenye garimoshi la Bukama, na kila aliporudi alirudi na macho mekundu na maneno machache. Juma lililopita alikwisha kumuuliza baba yake kuhusu majina ya zamani. Alitoka nyuma ya jiko akisema, "Baba anasema tuache ile habari," akalala na viatu vyake.

Basi Victorine alikoroga uji, akapandisha sauti.

"Wivine, mutoto yangu, mama ya nkambo yako, babu yako huyu, alikuwaka nani? Utuambie jina yake, upumuzike."

Matete yaliacha kulia nyuma ya jiko.

"Kuku," mzee alisema hatimaye, "ile habari haina jina."

Kisha matete yakaanza tena. Victorine alitumbukiza mizizi ya munkoyo iliyopondwa ndani ya uji uliopoa, akaufunika, akamfunga mtoto mgongoni. Kama mzee hataki kusema, kuna wengine waliolelewa naye ua mmoja.

Mujinga, dada wa mzee kwa baba, alikaa Kasungami kwa binti yake, akilima mihogo. Njia ilikuwa ndefu na kavu. Moshi wa bomba la kiwanda cha shaba ulimfuata Victorine sehemu kubwa ya njia, ukimwasha koo, na mtoto alilia mpaka akachoka, akanyamaza, akalia tena. Mara mbili Victorine alisimama, akaegemea kichuguu, akafumba macho, akaogopa kwamba atalala amesimama.

Bibi Mujinga aliacha jembe, akamtazama mtoto kabla ya kusalimia.

"Huyu analilia jina."

"Ndiyo, shangazi. Nafuata ya mama ya muzee."

Bibi alikaa chini kwenye tuta. Alikung'uta udongo mikononi polepole, kidole kwa kidole.

"Kyungu na mimi hapana mama moya," alisema. "Baba yetu alimununua mama yake kwa bantu ya musafara, bale balikuwaka banapita na chumvi na bitambaa. Alitoka mbali, luga yake hakuna mwenye kuisikia. Akamuzaa Kyungu, basi. Kiisha baba akapata kesi na bantu ya ngambo ya muto, muntu alikufa. Bakasema, lipa na muntu. Baba akamutoa yeye."

"Akamutoa?"

"Bakamupeleka. Kyungu akabakia. Mama yangu ndiye alimulea."

Victorine alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani. Alimjua mzee kwa kiti chake cha mbele kwenye mikutano ya watu wa kwao, kwa kofia na fimbo yake. Hakujua kwamba nyuma ya kofia ile palikuwa na mtoto aliyeachwa.

"Na jina yake, shangazi?"

"Siye tulimuitaka Ule wa Kule. Baba alimupa jina ingine, akakatala kuitika. Hata umuite siku nzima." Bibi alitikisa kichwa, na palikuwa na heshima kidogo katika kutikisa huko. "Kyungu anajua. Siku ile alikuwa ameisha kuota meno ya pili. Anaficha juu ya haya. Nani anapenda kambi yote bajue mama yake alinunuliwa? Lakini mutoto huyu, mukamwana, haone haya. Muulize tena."

Alimpa muhogo wa kutafuna njiani. Victorine aliusahau mkononi mpaka alipofika nyumbani.

Njia ya kurudi mtoto hakulia. Mwanzoni Victorine alishukuru. Kisha akaelewa, akaongeza hatua, kwani kilichokuwa mgongoni mwake sasa kilikuwa kikikoroma kwa sauti nyembamba, na mtoto wa kwanza naye aliacha kulia kabla ya kwenda. Moyoni alimtukana mzee kwa maneno ambayo hakujua kwamba anayajua. Kiti cha mbele! Kofia! Afe mtoto mzima ili mtu aendelee kukaa kiti cha mbele!

King'ora cha mchana kilikuwa kimepita zamani. Albertine alimwona akiingia, akamfuata kwa mbali. Victorine alipita mbele ya chungu cha munkoyo kisichochujwa, akapita mlango wake mwenyewe, akazunguka jiko. Mzee Kyungu alikuwa pale, matete miguuni, kichujio nusu mkononi. Alipomwona mkamwana akimjia hivyo, aligeuza uso ukutani, kama inavyopasa.

Victorine alimgeuza mtoto kifuani, akapiga magoti mbele yake.

"Baba," alisema, na hakumwambia kuku wala sufuria. "Nilifika kwa shangazi. Najua yote. Sina haya, na sitaambia muntu. Naomba unipe jina yake. Mutoto yangu anaenda."

Mzee hakugeuka. Mikono yake iliendelea kusuka, ikakosea, ikafumua, ikasuka tena palepale.

"Baba, nakuomba."

"Sijue."

"Shangazi anasema..."

"Mujinga anasema. Bote banasema." Sasa aligeuka, akamtazama machoni, mara ya kwanza tangu Victorine aingie katika nyumba ile. Macho yake yalikuwa mekundu na mepesi, macho ya mzee tu. "Unafikiri nakunyima? Kila jina mulikuwa munaita, nilikuwa nasikiliza, nasema pengine ni ile, pengine nitaitambua. Sijue jina yake, mutoto yangu. Bo balimuita Ule wa Kule. Mi nilimuitaka Mama. Mutoto anaulizaka jina ya mama yake?"

Hasira ambayo Victorine aliibeba kutoka Kasungami ilimtoka, na baada ya hapo hakubakiwa na kitu cha kumshikilia. Aliketi chini kabisa.

"Balinituma muto kuchota mayi," mzee aliendelea, kwa sauti ya chini. "Nikarudi na kibuyu ku kichwa. Nikasimama pa mlango, nikaita, 'Mama, unitue.' Yeye ndiye alikuwaka ananitua. Nikaita tena. Nikasimama pale mpaka shingo inauma, mayi inanimwangikia. Hakuna muntu alinitua."

Upande wa pili wa jiko Albertine alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Tangu ile siku sikuita tena muntu Mama. Hata ule alinilea. Nilimuita kwa jina, bakanipiga, nikamuita kwa jina."

Mtoto alikoroma kifuani pa Victorine. Ilikuwa desturi amlaze kwenye mkeka, arudi nyuma, ndipo mzee amwokote. Hakumlaza. Alimnyoosha mikononi mwake mwenyewe, na mzee, baada ya kusita, aliangusha kichujio na kumpokea kutoka mikononi mwake, vidole vyao vikigusana.

Alimshika vibaya, kama mtu aliyeshika vyuma tu maisha yake yote. Alimwinamia sikioni. Midomo yake ilicheza bila sauti, ikafungwa, ikacheza tena.

"Mama," alisema.

Mtoto aliacha kukoroma. Huenda alikuwa akivuta pumzi tu. Victorine alilegeza kitambaa chake, ziwa likabaki wazi mbele ya mkwewe, naye hakujali. Alingoja, mikono imeinuliwa tayari kupokea. Jikoni munkoyo ulikuwa umepitiliza kuchacha, na hakuna aliyeinuka kuuchuja.

Mzee aliita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyesimama mlangoni na kibuyu kichwani.