Fundi Kati ya Mawakili

Kwa mwaka wa tatu mfululizo, Kellen ndiye aliyeshughulikia uanachama wa klabu yao ya huduma kwa jamii, na kila mwaka aliandika maneno yale yale kwenye ripoti: tunahitaji watu wa kazi mbalimbali. Katika wanachama thelathini na mmoja, kumi na wanne walikuwa mawakili na tisa watu wa benki. Yeye peke yake alikuwa mfamasia. Walikutana kila Jumatano mchana katika hoteli moja ya mtaa wa Kimihurura, na ripoti yake ilisomwa wakati watu wakisubiri kahawa.

Mwezi Machi klabu iligawa viti kumi na viwili vya magurudumu kwa kituo cha watoto wenye ulemavu huko Gikondo. Kufikia Julai, tisa vilikuwa vimevunjika magurudumu ya mbele. Mikutano mitatu ilipita wakibishana jinsi ya kumwandikia barua mtengenezaji. Kellen alichoka kusikiliza. Jumamosi alipakia kiti kimoja kwenye gari, akakipeleka kwa Kubwimana, fundi wa kuchomelea vyuma jirani na kituo.

Kubwimana alikigeuza juu chini, akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Madamu, hii kiti iko ya sakafu ya hospitali. Huku kwetu iko mawe."

"Sasa tufanye nini?"

"Nitaweka gurudumu kubwa. Lete zote."

Alivimaliza kwa wiki mbili, jioni jioni, baada ya kazi zake. Kellen alipokwenda kuvichukua, alimkuta amekaa chini, macho mekundu kwa mwanga wa mashine.

Jumatano iliyofuata Kellen alipendekeza Kubwimana awe mwanachama.

"Ni mtu mzuri, hakuna ubishi," alisema Shema, mwenyekiti, wakili mwenye sauti ya upole. "Ila tunazungumza Kiingereza hapa. Atajisikiaje?"

"Mlijisikiaje ninyi viti vilipovunjika?" Kellen aliuliza. Hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu za kuipandisha.

Walipiga kura. Kubwimana alipita kwa tofauti ya kura mbili.

Kellen alipompelekea habari, alifikiri fundi angefurahi. Kubwimana alifuta mikono kwenye ovaroli.

"Jumatano saa sita? Saa hiyo ndiyo wateja wananijaa."

"Nitawaomba wabadilishe saa."

Aliomba. Waliahidi kulijadili mwezi ujao.

Kubwimana alikuja hata hivyo, shati limepigwa pasi, kucha bado nyeusi. Shema alimkaribisha kwa Kinyarwanda, kisha mkutano ukarudi kwenye Kiingereza. Wakili mmoja akaanza kueleza marekebisho ya katiba ya klabu, kifungu kwa kifungu. Kwenye kifungu cha nne, kichwa cha Kubwimana kiliinama. Alikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri. Muda si mrefu akaanza kukoroma taratibu.

Watu walitazamana. Mmoja alicheka kwa pua. Shema alimkonyeza Kellen amwamshe.

Kellen alitikisa kichwa. Alisogeza glasi ya maji mbali na kiwiko cha fundi asije akaimwaga, akavua viatu vyake mwenyewe chini ya meza, akaegemea kiti. Wakili alisita kidogo, kisha akaendelea na kifungu cha tano, safari hii kwa sauti ya chini.