Bamia na Vidonge vya Swaleha

Zipu ya begi iliniamsha kabla ya adhana. Zrrr, ikakwama, zrrr tena. Mjukuu wangu Swaleha na mumewe Hiribae wana chumba kimoja hapa Garsen, na mimi, mgeni wao kutoka Ozi, nalala upande wa pili wa pazia. Nikalifunua.

"Mume wangu, unatoroka?" nikamwuliza. Kwetu mume wa mjukuu ni wa kutaniwa.

"Narudi Bangale, mke mkubwa." Huko ni fundi wa pampu za maji, huja nyumbani wiki moja kwa mwezi. "Kila siku Swaleha ananiambia bado. Na hizo bamia zako, siku nne mfululizo! Hata nikikaa kitini nateleza."

Swaleha alikuwa amejifunika kanga usoni, analia kimyakimya. Miaka mitatu anatafuta mtoto. Hospitali walimpa vidonge vya kupevusha mayai, akavimeza siku tano. Mimi nikaongeza elimu yangu: angoje ute wa uzazi uwe kama weupe wa yai bichi, uvutike kati ya vidole, ndipo amwite mumewe. Ute haukuja. Nikaona nimsaidie kwa bamia, maana nazo zinavutika.

"Haondoki mtu kabla hatujamwona nesi," nikasema, nikalikalia begi.

Asubuhi, hospitalini, Nesi Dorothy alituingiza chumbani mwake, akafunga mlango, akanipa kiti chake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Bibi, kwa kawaida dalili yako ni ya kweli," akasema. "Lakini vidonge hivi vina vituko. Vinapevusha yai, na papo hapo, kwa wanawake wengine, vinaukausha ule ute au kuufanya mzito. Yai linaweza kuwa tayari na ute usionekane. Swaleha, cha mwisho ulimeza lini?"

"Leo siku ya saba."

"Mara nyingi yai hutoka kati ya siku ya tano na ya kumi. Sasa unangoja nini, mwanangu? Mwezi huu ukipita bure, rudi. Daktari ana dawa nyingine isiyokausha sana."

"Na bamia?" nikauliza.

"Mboga nzuri sana, Bibi. Ila inapita njia nyingine."

Hapo ndipo alipocheka, nami nikacheka, ingawa aibu ilinishika. Nilikuwa nimemfungia mjukuu wangu mlango kwa ujuzi wangu mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akanishika mkono.

Hiribae akapiga simu Bangale kwamba pampu zingoje. Mimi nikakunja nguo zangu bila kuambiwa. Chumba kimoja, pazia moja, na mzee si kipofu. Hiribae alinibebea kikapu mpaka kwenye magari ya Kipini, njia ya kwetu Ozi, mimi na Swaleha tukimfuata tunahema.

"Mume gani huyu anamsindikiza mkewe mbio?" nikamtania.

"Mwenye mapenzi, mke mkubwa," akasema. Macho yake yalikuwa kwa Swaleha.

Swaleha alinichagulia kiti cha upande wa kivuli, kisha akainama dirishani, ana haya usoni.

"Uje tena, Bibi, nakuomba," akasema. "Ila usije kabla ya Jumatatu."