Usifunue Sufuria

Vibonge vya kwanza vilitoka kwenye mvuke vimesinyaa, na mama akasema kosa ni la unga.

"Unga gani huu ulioninunulia?" aliuliza, akiminya kimoja kwa kidole. Kibonge kilibonyea na hakikuinuka tena. "Huu umekaa dukani tangu mwenye duka hajaoa."

Binti yake, fundi cherehani, alivikusanya vile vibonge kwenye sahani. Alikuwa amesimama kwenye jiko lake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ilikuwa wiki kadhaa sasa hana kauli humo. Unga aliununua jana. Tena alikiona kwa macho yake mawili kilichoviua vile vibonge. Mama yake alifunua sufuria akachungulia, akafunika, akafunua tena, na mara ya mwisho alisimama na mfuniko mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata, mvuke wote ukajiendea zake dirishani.

Na ni mama huyuhuyu aliyewalea watoto wawili kwa amri moja iliyozidi zote: usifunue sufuria ya vibonge. Ungeweza kuvunja sahani, ungeweza kurudi kutoka shule na kiatu kimoja, na baada ya kelele kidogo ukasamehewa. Lakini mkono wako ukigusa ule mfuniko kabla ya wakati, siku hiyo ulikiona cha mtema kuni.

Vibonge vya shira ndivyo vilivyompa mama jina. Ni viduara vya unga wa ngano uliotiwa hamira na siagi, ukubwa wa ndimu, vinavyopangwa juu ya kitambaa cheupe kwenye bati lenye matundu. Vinaiva kwa mvuke mtupu, kisha vinatumbukizwa kwenye shira ya moto yenye iliki, vikae humo vinywe mpaka vishibe. Kule alikokuwa anaishi mtaa mzima ulimwita Bibi Vibonge, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Leo vibonge vilikuwa na kazi ya kufanya. Saa kumi alikuwa anakuja kaka mkubwa, ambaye ukoo wote unamwita Mwenyekiti kwa sababu hawezi kumenya hata ndizi bila kuitisha kikao. Alikuwa anakuja kulimaliza suala la mama. Chanzo chake ni sufuria ya maharage. Mama, akiwa peke yake nyumbani kwake, aliyaacha maharage yakaungua mpaka majirani wakavunja mlango. Walimkuta ametulia sebuleni akikunja nguo, jikoni kumeshakuwa kweusi, naye anawauliza wamefuata nini. Alisema alisinzia. Mwenyekiti akasema huko si kusinzia, mama ameanza kupoteza akili, akamhamishia kwa dada yake, huyu fundi cherehani, kwa muda tu. Sasa ule muda tu ulikuwa umeota mizizi. Mwenyekiti ameshapata mpangaji wa nyumba ya mama.

"Mwacheni aje," mama alisema alipoambiwa. "Atakula vibonge vyangu, halafu aniambie usoni kwamba sina akili. Nitarudi kwangu jioni hiyohiyo."

Fundi cherehani alitaka mama ashinde. Alitaka kwa moyo wote, na ukweli usemwe, si kwa sababu za kujivunia. Alitaka jiko lake. Alitaka maji yake pia, maana mama alikuwa anaoga asubuhi, mchana na jioni, na hapo katikati akijisikia, na kila ndoo ilitoka kwenye bomba la uani kwa mikono ya binti mtu. Akitoka kuoga alijimwagia manukato mpaka mkwewe, fundi redio, mtu mpole asiyejua kugombana, akapiga chafya mbele ya wateja. Chai nayo ilikuwa balaa. Mama alitia iliki kwa kiganja. Fundi redio alikuwa anasema, "Imekolea kwelikweli, mama," kisha anatoka na kikombe chake kwenda kukimwaga nyuma ya nyumba, na majani ya pale nyuma yalikuwa yameanza kunyauka.

"Kanda mwingine," mama aliamuru. "Na mikono yako ioshe kwa maji baridi. Ina joto, inaua hamira."

"Mama, tatizo si mikono yangu. Umefunua sufuria."

"Nani kafunua?"

"Wewe."

"Nimeangalia tu."

"Ukitaka kuangalia si lazima ufunue? Sisi ulikuwa unatuchapa."

"Nilikuwa nawachapa kwa sababu mlikuwa mnafunua ovyo," mama alisema. "Kanda, saa zinakwenda."

Akakanda. Alikanda kwa hasira, na unga hupenda kukandwa hivyo, kwa hiyo ulitoka laini. Walipokuwa wanasubiri uumuke akabandika shira: sukari, maji, iliki aliyoitwanga mwenyewe na kuificha mfukoni ili mama asiongeze nyingine. Mama alivuta kigoda akakaa karibu kabisa na jiko la gesi, mgongo kwa moto, meza mbele yake, akaanza kukata unga na kuuviringisha.

Ndipo mteja akabisha hodi chumba cha mbele. Alikuja kuchukua gauni, na mteja huyo hajawahi kuchukua gauni bila kulijaribu, wala kulijaribu bila kusema kiunoni limebana.

"Mama, niangalizie shira. Ikianza kuwa nzito uzime."

"Unanifundisha shira mimi?"

Gauni lilikuwa limebana kweli, lakini kosa halikuwa la gauni. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la kulegeza, harufu ilipomfikia. Kwanza ilikuwa tamu, halafu kali, halafu chungu. Alitema pini akakimbia.

Shira ilikuwa nyeusi tii. Ilichemka polepole, ikipasua mapovu mazito, na moshi mwembamba ulikuwa ndio kwanza unaanza kujipinda kuelekea dirishani. Mama alikuwa amekaa palepale, mkono mmoja tu kutoka kwenye sufuria, mbele yake vibonge vimepangwa safu kwa safu, vyote sawasawa.

"Mbona unakimbia hivyo?" alisema bila kugeuka. "Shira bado. Iache inukie kwanza."

Fundi cherehani alizima gesi. Hasira ilimpanda, akasema maneno ambayo angependa kuyarudisha.

"Mama, unafanya makusudi? Unataka Mwenyekiti akute nini hapa? Au kweli ndiyo hivyo anavyosema, akili imekwenda?"

Mama akageuka. Aliiona sufuria. Alijifuta unga mikononi, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nimesinzia," alisema.

Lilikuwa jibu lilelile la maharage. Lakini mtu aliyesinzia hapangi vibonge safu kwa safu, na fundi cherehani, ambaye kazi yake ni kujua mshono uliokwenda kombo umeanzia wapi, alivitazama vile vibonge, akaitazama sufuria, akamtazama mama. Alikwenda kabatini akatoa kopo la kahawa.

"Fumba macho."

"Nifumbe macho ya nini? Mteja wako amesimama huko nusu uchi."

"Fumba tu, mama yangu."

Mama alifumba. Binti alifungua kopo akalisogeza puani pake. "Hii nini?"

Mama alivuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa kwa dharau. "Iliki," alisema. "Unanifanya mtoto mdogo?"

 Fundi cherehani alilifunika kopo taratibu, lakini mfuniko wa bati ulilia, mama akafumbua macho akaona ni kahawa. Hapo hakuwa na pa kukimbilia.

"Tangu yale mafua," alisema hatimaye, sauti chini. "Mafua yaliisha, pua haikurudi. Nilidhani itarudi. Yale maharage yaliungua nikiwa macho makavu, nakunja nguo zangu, sijui lolote."

"Sasa kwa nini hukusema? Umekubali uitwe umerukwa na akili?"

"Kusinzia kila mtu anasinzia. Lakini Bibi Vibonge asiyesikia harufu, nani atakula mkononi mwake?" Alikishika kibonge kimoja akakizungusha. "Na nikisema leo pua, kaka yako atasema kesho ni macho, kesho kutwa miguu. Namjua yule. Atanikagua kama gari."

Binti akakaa sakafuni, akajiegemeza kwenye kabati. Mambo yalikuwa yanamjia moja moja, na kila lililokuja lilimchoma. Iliki ya kiganja, kumbe. Manukato, kumbe.

"Na sufuria? Unafunua kwa ajili hiyo?"

"Zamani sikuwa na haja ya kufunua," mama alisema. "Kwanza inakuja harufu ya unga mbichi. Ile inaondoka, kunakuwa kimya. Halafu inakuja ya mkate, taratibu, mpaka chumbani unaisikia. Hapo unazima, vimeiva. Sasa nakaa naingoja hiyo ya mkate. Naingoja, haiji. Nikifikiri vinaharibika, nafunua."

Machozi yalimlenga fundi cherehani, na yalimuudhi, kwa sababu ilikuwa imekaribia saa tisa, shira imekuwa lami, na mteja alikuwa anaita kutoka chumba cha mbele kwamba kuna pini imemchoma pabaya. Alijifuta kwa kiwiko akasimama.

"Basi usifunue tena," alisema. "Mimi nitasimama hapa. Wewe niambie nisikilizie nini."

"Na usimwambie kaka yako."

"Hilo utamwambia wewe."

"Sitamwambia."

"Mama, wewe mgumu, Mungu shahidi."

Walipika shira nyingine, wakabandika vibonge. Fundi cherehani alimchomoa mteja wake zile pini, akarudi akasimama kando ya sufuria, akakata shauri kutohama hata nyumba ikiwaka moto. Mama aliikalia mikono yake ili isimtoroke.

"Unasikia nini?"

"Unga. Kama gundi."

"Kama gundi," mama alisema kwa uchungu. "Nimezaa mtoto asiyejua kusema. Sawa. Sasa?"

"Bado unga."

"Sasa?"

"Mama, ukiniuliza hivyo sitasikia kitu. Sasa hakuna."

"Hakuna kabisa? Basi karibu. Usiguse."

Ilipokuja, ilikuja kama alivyosema, taratibu, na fundi cherehani alijikuta yuko mdogo, amesimama mlangoni kwao, mikono nyuma ili isifike kwenye mfuniko. "Mkate," alisema.

"Una hakika?"

"Mkate, mama. Nazima."

Vilikuwa vimeumuka, vyeupe, vinang'aa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kasoro wala kovu.

Mwenyekiti aliingia saa kumi kamili na mkoba wake. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akaketi kwenye kiti kikubwa bila kuambiwa. Alikula vibonge sita huku akisema anaonja tu. Alipolamba shira kidoleni sura yake ililegea, na kwa muda hakuwa mwenyekiti wa chochote. Kisha akajifuta mikono, akakohoa.

"Mama, vibonge ni vilevile, sikatai. Lakini mikono inakumbuka hata kichwa kikisahau. Yale maharage hatuwezi kuyapuuza. Unasahau moto, mama. Mpangaji anataka jibu."

Fundi redio aliangalia miguu yake. Fundi cherehani alimtazama mama. Neno lilikuwa mdomoni mwake, angelitema lingekwisha, lakini lilikuwa la mama mwenyewe kulisema. Alibana meno. Aliona mama anavyokunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja.

"Sikusahau moto," mama alisema. "Pua yangu imekufa. Sisikii harufu yoyote, tangu yale mafua. Akili yangu nzima, na wewe unajua, maana hata sasa nakumbuka ni vingapi umekula."

Mwenyekiti aligusa pua yake mwenyewe. "Pua?"

"Pua."

"Lakini hivi vibonge…"

"Mikono yangu, pua ya dada yako. Ukitaka vingine utatuomba sote wawili." Alimgeukia fundi redio. "Mkwe wangu, hakuna jiko la umeme linalojizima lenyewe?"

"Lipo, mama," alisema fundi redio, na pengine hajawahi kujibu swali kwa furaha namna hiyo. "Nitakufungia mwenyewe."

"Basi gesi itoke kwangu, jiko hilo liingie. Na mpangaji atafute kwingine. Huyu binti yangu atakuja kwangu kila Jumamosi na pua yake."

Hakuna aliyemuuliza huyu kama Jumamosi ana nafasi. Mwenyekiti alisema hoja itafikiriwa, maana ilibidi aseme kitu, akachukua kibonge cha saba, akakitafuna polepole akimwangalia mama yake kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

Alipokwisha kuondoka, mama aliinuka, akachukua taulo na ndoo. Fundi cherehani alikuwa ameshafungua mdomo aseme yale ya kila siku, maji, bomba, mgongo wake. Akaufunga.

"Unaoga tena, mama?"

"Nimekaa jikoni mchana kutwa." Mama alisimama na ndoo yake. Kisha akauliza, akiangalia ukutani, "Nanuka?"

Ndiyo hiyo hofu, basi. Asubuhi, mchana na jioni, wiki zote hizo, ndiyo hiyo. Fundi cherehani alimsogelea mama yake, akainama akaweka pua yake shingoni pake, akavuta pumzi.

"Manukato," alisema. "Sabuni. Iliki. Na jasho la jikoni, kidogo."

"Jasho?"

"Kidogo tu, mama. Hakuna mwingine angesikia."

Mabega ya mama yakashuka. "Haya," alisema. "Sasa najua utaniambia." Akamkabidhi ndoo. "Nijazie basi. Usijaze nusu kama jana."

Fundi cherehani akaipokea, akaenda nayo bombani, akinung'unika njia nzima, akaijaza mpaka juu.